Tunataka kijana aishi kwa faida ya nani?

Kijana akijiua, maneno ya mazishini unayajua kabla hata hujafika. Mheshimiwa atashika maiki aseme taifa limepoteza nguvu kazi, wazee watasema boma limeaibika, mtu wa familia atanung'unika kwamba ada yote ile ya chuo imeenda bure, na mchungaji, kama amekubali kuja, atawapiga onyo waliobaki. Sasa mimi huwa najiuliza, kwani huyu kijana mwenyewe yuko wapi kwa hayo maneno yote? Maana naona serikali, ukoo, kanisa, fees, ila yeye simwoni.

Hapa Kenya hadi majuzi tulikuwa tunazuia kwa pingu. Kwa kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu, ukijaribu kujiua ungeweza kula hadi miaka miwili ndani, au faini, au vyote viwili, na ilibidi Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aseme Januari 2025 kwamba hiyo kitu inavunja katiba. Na cha kushangaza ni kwamba sheria yenyewe tuliachiwa na Mwingereza, na yeye kwake aliifuta 1961, hata uhuru hatujapata, sisi tukaikumbatia miaka yote hiyo kama mali ya babu. Ebu fikiria umefungua macho wodini na mtu wa kwanza kukusalimia ni afisa wa polisi. Ndio maana familia zilikuwa zinamwambia daktari ilikuwa ajali tu, mgonjwa anatibiwa mwili anarudishwa nyumbani, kilichompeleka huko hakuna aliyekigusa.

Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya 720,000 hufa hivi kila mwaka, na kwa wenye miaka 15 hadi 29 ndiyo sababu ya tatu ya vifo. Kwa hivyo si mambo ya wazungu kama tunavyopenda kusema.

Lakini hii ya nguvu kazi ndiyo inaniudhi zaidi. Chukua kijana amemaliza chuo, CV ametuma mpaka mwenye cyber anamjua kwa jina, analala kwa kiti kwa binamu yake Kayole na kila akishika simu kuna mtu anamuuliza "umepata kitu?" Huyo tayari anaamini hana faida kwa mtu yeyote. Halafu unakuja kumwambia aishi kwa sababu nchi inamtegemea, eti wazazi wamewekeza kwake! Umemthibitishia kilekile anachojiambia usiku, kwamba thamani yake ni kile atakacholeta nyumbani, na hajaleta kitu.

Wengine watasema wacha kuchagua sababu bwana, bora aishi, na kweli kama hesabu za uchumi zinafanya serikali iajiri washauri nasaha mimi siwezi kukataa. Shida ni kwamba hiyo hesabu haifiki huko. Jopokazi la serikali lililoongozwa na daktari wa akili Frank Njenga lilipendekeza tangu 2020 afya ya akili itangazwe dharura ya kitaifa, na mpaka leo ukienda kliniki nyingi za mashinani kutafuta mtu wa kuongea naye utapewa Panadol.

Na sisi raia tusijitoe, maana tunajua vizuri kuchanga. Kijana akishakufa grupu ya WhatsApp inafunguliwa asubuhi, kufika jioni list ni ndefu, jina na kiasi, jina na kiasi, kila mtu anakopi na kupesti akijiongeza chini, jeneza limepatikana na basi mbili zimelipwa, na tangazo linaandikwa "baada ya kuugua kwa muda mfupi". Huyohuyo mwezi uliopita aliomba nauli ya kwenda kuona daktari, grupu ikanyamaza bluu tiki.

Nina rafiki alipitia hayo na yuko hai. Anasema shangazi yake hakumhubiria wala kumtajia maisha ya mbele, alimuuliza wazi kama anafikiria kujiua, akamsikiliza bila kumkatiza, akampeleka kliniki mwenyewe, na siku za Jumapili akawa anampigia aje wakule. Kazi hakuwa nayo na hakuulizwa.

Kama ni wewe uko hapo saa hii, namba ya Red Cross ni 1199, ni bure, piga, ama mshike mtu mmoja unayemwamini umwambie leo.