Kutapatapa Siyo Kukaidi

Jioni moja, nyuma ya ghala hapa Tanga, nilimwona kijana aliyedhaniwa mwizi akijilaza kifudifudi, mikono ameinyoosha, mara tu mbwa wa walinzi alipotokea. Mbwa akamng'ata shavu la mguu vilevile. Mlinzi alipiga kelele "Acha!" mara tatu, mwishowe ikabidi amvute kwa mkanda wa shingo. Muda wote huo kijana alikuwa akijivuta na kupiga ardhi kwa kiganja. Nyuma yangu mtu akasema: "Si mnaona, bado anakaidi!"

Hakuwa mbwa wa polisi, lakini neno lile ndilo linalowaponza watu wengi mikononi mwa polisi.

Wanaotetea mbwa wana hoja nzito. Askari anayemsaka mtu mwenye panga usiku, ndani ya shamba la mkonge, haoni hatua mbili mbele, mbwa ananusa. Mara nyingi kubweka tu kunamtoa mtu mafichoni bila jeraha. Na risasi ikishatoka hairudi, ilhali mbwa huitwa akarudi.

Hapo kwenye kuitwa akarudi ndipo penye shida. Marekani, ambako kesi hizi zimefika mahakamani kwa wingi, kipimo cha kama polisi walitumia nguvu kupita kiasi kinatokana na uamuzi wa kesi ya Graham dhidi ya Connor wa 1989: uzito wa kosa, hatari ya mtu kwa askari na wengine, na kama anakaidi au anakimbia. Ni kipimo cha haki, mpaka mbwa anapoingia. Mtu mwenye meno mkononi hawezi kutulia hata akiamriwa; mwili wenyewe unajivuta. Mbwa aliyefunzwa kung'ata na kushikilia, nyama ikijivuta, hukaza taya. Askari anaona mtu anajirusharusha, anaandika "alikaidi". Maumivu yenyewe yamegeuka ushahidi wa kuyahalalisha.

Mwaka 2003, katika kesi ya Miller dhidi ya Clark County, mahakama ya rufaa huko ilisema mbwa kumshikilia mkono mtoro aliyejificha msituni kwa sekunde 45 hadi 60 hakukuwa nguvu kupita kiasi, kwa mazingira ya usiku ule. Tazama saa uhesabu hizo 45. Zilivyo ndefu hata ukiwa umekaa kitini! Na katika mji wa Ferguson, jimbo la Missouri, uchunguzi wa Wizara ya Sheria ya Marekani wa 2015 ulikuta kwamba kila tukio la kung'atwa ambalo rangi ya mtu iliandikwa, aliyeng'atwa alikuwa Mweusi.

Kwetu, Katiba ibara ya 13(6)(d) inataka heshima ya mtu itunzwe katika upelelezi na anapokuwa chini ya ulinzi. Hapa Tanga heshima hiyo ina uzito wake: wengi wetu ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, na kwetu mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Yule kijana, damu inamtoka, aliomba udongo kwanza.

Kwa mwenye silaha au anayepigana, sina ugomvi na mbwa. Kwa wengine afunzwe kubweka na kuzuia tu. Na taarifa ya ukamataji ionyeshe mtu alinyoosha mikono saa ngapi, na mbwa aliachia saa ngapi, kabla askari hajaandika neno "alikaidi".