Dogo alivyojaza taa porini

Hii kazi ya kupima barabara kwa GPS watu huwa wanaionaga rahisi, gari ina antena juu ya paa, kompyuta mapajani, unazungushwa tu. Aisee ngojeni niwape hii.

Dereva wetu, mzee mmoja mpole kweli, kaambiwa asubuhi leo tunachukua mstari wa kati wa barabara. Mzee hakuuliza swali. Kafika kwenye lami kaupanda ule mstari wa rangi, tairi za kulia huku, za kushoto kule, huyooo anatambaa nao. Mbele lori linakuja na honi hiyo mpaka vioo vinatetemeka. Napiga kelele mzee toka, mzee toka! "Si mmesema mstari wa kati?" Ikabidi nimweleze huku jasho linanitiririka kwamba unaenda na upande wako mpaka mwisho, unarudi na upande wa pili, halafu programu ndo inatafuta katikati ya hizo njia mbili. Akasema tu, "Sasa si mngesema."

Baada ya hapo akawa anakwepa mashimo kwa ufundi mkubwa, kwenye skrini barabara iliyonyooka ikaonekana imelewa chakari. Tukisimama kupisha ng'ombe, mashine yenyewe haijui habari za kusimama, inarekodi mahali ulipo kila sekunde, na setelaiti inazozitegemea ziko kilomita kama 20,200 huko juu, mara ikuweke hapa mara mita kadhaa pembeni, basi barabara ikajifunga fundo kabisa. Ila hayo yanasafishika ofisini.

Noma ilikuwa yule dogo wetu wa kazini. Yeye siti ya nyuma na tableti, kazi yake kubonyeza vitu vya pembeni: kalvati, kibao, nguzo ya taa, kingo za chuma. Kitufe ukigusa kinaweka kitu kimoja, ukikikandamiza kinaweka kila sekunde, hii iliwekwa kwa ajili ya kingo maana zenyewe ni ndefu, ila aliyetengeneza hiyo programu akavipa vitufe vyote tabia hiyohiyo, sababu anaijua mwenyewe. Mchana jua kali, barabara imenyooka, kulia pori, kushoto pori. Nyuma kimyaaa. Nikasema moyoni dogo leo katulia, kazi inaenda.

Kumbe kalala fofofo, kiwiko juu ya nguzo ya taa! Spidi 60, sekunde moja gari inakula karibu mita 17, we piga hesabu. Kilomita na kilomita za nyani na miiba, taa zimepangwa kila mita 17, hata uwanja wa ndege haupati hizo.

Na tableti ikipata mtandao inatuma yenyewe. Bosi akapiga simu kwa furaha, "Kumbe huko kumeendelea hivyo?" Nikamgeukia dogo, anajifuta mate shavuni, ananiambia kwa kujiamini kabisa, "Bro, labda mchana hazionekani."

Kile kipande tukakirudia chote, dogo kakalishwa mbele pembeni ya mzee, mzee akimwona anasinzia anapiga honi. Ila ile ramani ya taa bosi alikuwa ameshaipeleka kwa wakubwa kwa mbwembwe zote, na wakubwa nao wakaleta barua, wanataka kujua umeme wa hizo taa analipa nani.