Gari Lililookoka Kabla ya Dereva

Saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa saba, Njombe. Mbwa wa jirani amelala juu ya jivu la moto wa jana na hata ukimwita hafungui jicho. Mimi niko ndani ya gari, makoti mawili, kofia ya sufu ya mama watoto, nasema "Baba Mungu, leo tu", nageuza ufunguo.

Nyi-nyi-nyi-nyi-nyi. Kimya.

Nyi-nyi-nyi, ku! Ku-ku! Kimya.

Mara ya nne linashika. Lakini linashika kama mzee aliyeamshwa kudaiwa: linatetemeka, linakohoa, linataka kuzima, linaghairi, vioo vinagongana, kiti kinanitikisa mpaka mashavu. Halafu huko nyuma linaachia moshi. Mweupe. Si moshi wa kusema moshi, ni shuka. Linatoka kwenye bomba, linapita juu ya banda la kuku, linaingia dirishani kwa muuza mkaa, mtu wa mwisho duniani mwenye haki ya kulalamikia moshi, na ndiye wa kwanza kulalamika.

"Jirani! Moshi mweupe! Roma tumepata papa mpya?"

Wiki ya kwanza nilicheka. Wiki ya tatu tulikuwa tumeshapata mapapa kumi na tano na sikuona tena kinachochekesha.

Gari lenyewe ni la Kijapani, tani tatu na nusu, umri wake unamzidi utingo wangu. Kazi yake ni viazi mviringo, kutoka Uwemba mpaka Dar es Salaam, kilomita zaidi ya 700, kwa magunia ya lumbesa, yaliyojazwa kupita kipimo, ambayo serikali imeyapiga marufuku, mkulima anayachukia, na bado ndiyo ninayopakiwa kila safari. Viazi havina subira. Ukichelewa kuondoka Njombe unachelewa mteremko wa Kitonga, ukichelewa Kitonga unaingia sokoni wenzako wameshashusha, dalali anakutazama kama aliyeleta mawe.

Shida ya moshi ni kwamba unaonekana. Gari lingekuwa na ugonjwa wa ndani lingenistiri. Moshi unatangaza, na ukishatangaza, kila mpita njia anakuwa daktari bingwa. Mama muuza chapati aliniambia dizeli ina maji. Mwalimu wa shule ya msingi aliniambia betri. Kijana wa bodaboda, ambaye pikipiki yake haijawahi kunywa dizeli tangu izaliwe, aliniambia plagi za cheche zimechoka. Nikamweleza kwamba injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Akanitazama kwa huruma. "Ndiyo maana haiwaki, bosi."

Fundi wa kwanza hakushuka hata kwenye pikipiki aliyokuja nayo. Alisikiliza sekunde kumi, akatikisa kichwa kama anatoa pole ya msiba. "Ringi zimekufa. Kompresheni hakuna. Tushushe injini." Akataja hela ambayo ningekuwa nayo nisingekuwa nauza viazi.

Wa pili alishuka, nampa heshima yake. Akaweka kiganja nyuma ya bomba, akanusa, akafuta mkono kwenye suruali yangu. Ndiyo, yangu. "Gasketi ya silinda hedi imeungua. Maji yanaingia kwenye silinda, huo ni mvuke."

Usiku huo sikulala. Nikampigia baba mdogo, yuko Makambako, dereva mstaafu wa njia ya Zambia, mtu aliyezeeka na magari mpaka akikohoa unadhani anapiga stata. Nikamweleza yote. Akanyamaza kidogo, nikasikia anamimina chai.

"Umenusa?"

"Fundi kanusa, baba."

"Sikukuuliza fundi. Wewe umenusa?"

Akanipa somo pale pale, na salio lilikuwa langu. Moshi mweusi, dizeli ni nyingi kuliko hewa. Filta ya hewa imeziba, au umepakia lumbesa unaisukuma mlimani. Moshi wa bluu, injini inakunywa oili. Mweupe una milango miwili: ni maji, au ni dizeli iliyotoka bila kuungua. Maji hayawashi macho. Dizeli mbichi inawasha, inanuka kama kibatari kilichopulizwa sasa hivi. Gasketi ikiwa imekwenda, rejeta inapungua maji bila kuvuja chini, au oili inageuka rangi ya chai ya maziwa, na mara nyingi moshi hauondoki hata injini ikishapata moto.

Kesho yake alfajiri nikapiga magoti nyuma ya gari langu mwenyewe, nikanusa. Macho yakajaa machozi, makamasi yakashuka. Mama watoto akatoka na kandili, akanikuta nimepiga magoti nalia nyuma ya bomba la moshi. Hakuuliza kitu. Alirudi ndani taratibu.

Kibatari. Kibatari kabisa. Maji ya rejeta nikayapima wiki nzima, hayakupungua hata upana wa kidole. Oili nyeusi, ya kawaida. Na likishanguruma dakika tano moshi unakatika wenyewe, gari linakuwa tulivu kama bwana harusi. Mchana ukilizima ukaliwasha, nusu stata tu. Basi gasketi yangu ni nzima, nami nina deni la kufuliwa suruali.

Baba mdogo akasema nipime plagi za kupasha. Hizi ndizo dizeli inazo, si za cheche. Kazi yake ni kutia joto asubuhi, maana injini ya dizeli inawaka kwa kubana hewa tu: hewa inasongwa mpaka inabaki kama sehemu 1 kati ya 20, inapata moto mkali, dizeli ikinyunyizwa humo inalipuka yenyewe. Asubuhi ya Njombe chuma ni cha baridi, kinameza joto lote, dizeli inatoka ilivyoingia. Nikachukua taa ndogo na nyaya mbili, mmoja kwenye chanya ya betri, mwingine kichwani mwa plagi. Ikiwaka, plagi nzima. Kati ya nne, mbili zilikuwa marehemu.

Nikanunua mbili mpya kwa hela ya ada. Jumatatu likawaka stata ya kwanza, bila moshi. Nikatangaza mtaani. Nikamwambia muuza mkaa kiti cha papa kimefungwa rasmi. Nikanunulia watu chai.

Jumanne, papa mpya.

Utingo wangu, kijana mwenye moyo mzuri na akili ya haraka kuliko inavyofaa, akaamua kunisaidia. Wakati mimi napiga stata, yeye kaenda na kopo la petroli akamimina kidogo kwenye mdomo wa filta ya hewa. Ameona wenzake wanafanya. Wenzake hawakumwambia kwamba petroli haisubiri zamu yake. Ikikutana na plagi mpya zenye moto inalipuka pistoni ikiwa bado njiani inapanda. Ilipiga kama bunduki. Kuku walitoka bandani bila kupitia mlangoni. Mbwa wa jirani, yule asiyefungua jicho, nilimwona kesho yake mchana. Nilimwambia utingo akifanya tena namkata posho, na kwamba pistoni ikitoboka atakaa yeye mahali pake.

Nozeli nazo, zile zinazonyunyiza dizeli kwenye silinda, nikazijaribu. Injini ikiwa inanguruma unalegeza nati ya paipu ya nozeli moja moja, spana kumi na saba, dizeli inafoka kidogo. Injini ikibadili mlio, silinda ile ilikuwa inafanya kazi. Isipobadilika, umempata mvivu. Na mkono unauweka mbali na inapofoka, maana dizeli ya pampu inatoka kwa nguvu ya kutoboa ngozi. Nikalegeza ya kwanza, gari likapepesuka. Ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu, ya nne. Hakuna mvivu. Wote wanne ni wachapakazi, tatizo lao ni kuamka, na hilo sikuweza kuwalaumu, hata mimi.

Sasa, mtoto wangu wa pili ana miaka tisa na hana la kufanya asubuhi. Baiskeli yake haina tyubu tangu mwezi wa tano, hadithi ndefu. Kwa hiyo anasimama na blanketi lake kunitazama nikiteseka. Siku moja akasema, bila hata kuacha kula kiporo cha viazi:

"Baba, likitazama kanisani linawaka."

"Nini?"

"Gari. Ukilipaki linatazama kanisani linawaka. Ukilipaki linatazama kilabuni linafanya moshi."

Nyumba yangu iko ubavuni mwa kilima. Chini kuna kanisa, juu kuna kilabu cha ulanzi. Nikamwambia anyamaze ale. Halafu nikakumbuka ile Jumatatu. Jumapili yake tulikuwa tumempeleka bibi ibadani, nikarudi kinyumenyume kwa sababu uwanja ulikuwa na matope.

Nikapima siku nne. Usiku wa kwanza kanisani: asubuhi stata moja, safi. Wa pili kilabuni: shuka. Wa tatu kanisani: safi. Wa nne kilabuni: shuka na kikohozi. Nikakaa chini nikashika kichwa. Mama watoto akasimama mlangoni, mikono kifuani.

"Ishara unayo. Unataka na barua?"

Ningekuwa na akili ningenyamaza. Kumbe yeye alikuwa ameshamwambia mzee wa kanisa, mzee wa kanisa akaiweka kwenye mahubiri ya Jumatano, na kufikia Ijumaa mtaa mzima ulikuwa na msemo wake: gari limeokoka, dereva bado. Kilabuni nako walinikataza kupaki karibu, wanasema gari linawahukumu. Mzee wa kanisa alikuja kwa upole kuniuliza kama gari limeanza kutoa zaka, maana kwa mizigo ile…

Nikampigia baba mdogo. Alicheka mpaka chai ikampalia. Nilisubiri, salio langu linakwenda.

"Likitazama kanisani, pua iko juu au chini?"

"Chini."

"Na tangi?"

"Nyuma. Kwa hiyo… juu."

"Haya. Likitazama kwenye pombe?"

Hapo nikanyamaza, kwa sababu nilianza kuona. Pua ikiwa juu, tangi liko chini ya injini. Usiku kucha dizeli iliyo kwenye paipu inateremka kurudi tangini, na haiwezi kurudi mahali pake pakiwa patupu. Lazima kitu kiingie. Kinaingia upepo. Mahali fulani paipu ina upenyo, mdogo wa kuingiza hewa, na sikuwahi kuona tone kwa sababu upande huo pampu inavuta, haisukumi. Asubuhi nozeli zinapokea upepo, tone la dizeli, upepo, tone. Ndiyo hicho kikohozi. Likishajivutia dizeli ya kutosha, linatulia.

"Kesho kabla ya kupiga stata," akasema, "bonyeza ile pampu ya mkono juu ya filta. Ikiwa ngumu, kuna dizeli. Ikiwa laini, umelala na upepo."

Ilikuwa laini kama shavu la mtoto. Nikabonyeza mara ishirini na nane mpaka ikawa ngumu. Nikaingia, nikageuza ufunguo, gari linatazama kilabuni, pua juu. Likawaka mara moja. Muuza mkaa akafungua dirisha, akatazama huku na huku, akafunga. Nadhani alisikitika.

Sasa kutafuta upenyo wenyewe. Fundi wa tatu ni kijana mdogo, haongei sana, hiyo peke yake ningemlipia. Akakata kipande cha mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, akakiunganisha kabla ya filta, akasema niwashe. Tukaona mapovu. Mapovu mengi yanakimbizana kama soda iliyotikiswa. Akasogeza kile kipande nyuma, kuelekea tangini, mapovu bado. Akasogeza tena, yakakoma.

"Ni hapa katikati," akasema, akaingia uvunguni. Mtoto wangu akaingia naye kushika tochi, hakualikwa. Mimi nikainama.

Palikuwa na kiungo cha paipu, kimeshika duara la vumbi lenye unyevu, na pale palipotakiwa pawe na klempu palikuwa pamezungushiwa mpira mweusi, raundi kama kumi, umefungwa fundo la nguvu, fundo la mtu mwenye uhakika na kazi yake.

"Bosi," fundi akasema kwa sauti ya chini, "nani alifunga hii?"

Nikatikisa kichwa kwa masikitiko. "Mafundi wa siku hizi, ndugu yangu. Hawana huruma na mali ya mtu."

Tochi haikusogea. Ilibaki palepale kwenye mpira, imemulika kiraka kidogo chekundu kilichobanduka pembeni.

"Baba," mtoto akasema, "hicho kiraka nilibandika mimi."

Fundi akatazama mpira, akanitazama mimi.

"Si ulisema tyubu yangu imeliwa na panya?"

Klempu mbili, shilingi 3,000. Tyubu ya baiskeli, shilingi 6,000. Suruali bado inanuka.