Mdogo Ndiye Apange Mwendo

Mara ya kwanza tulipotoka sisi wanne na baiskeli kando ya mto unaopita katikati ya mji, nilikuwa nimepanga twende kilomita 10. Tulikwenda mbili na nusu, tena kwa saa mbili nzima, na tulirudi nyumbani mdogo analia na mimi nimenuna. Nilidhani amedeka. Usiku nilipokaa nikapiga hesabu, nikaona haya.

Gurudumu la inchi 12 likizunguka mara moja husogea chini kidogo ya mita moja. La inchi 26, kama la kwangu, hupita mita mbili. Basi mimi nilipokuwa nikiserereka huku natazama maji, mwanangu wa miaka minne alikuwa anakanyaga mfululizo bila kupata nafasi ya kuvuta pumzi. Na baiskeli yenyewe ni ya chuma, ina kilo 8, naye ana kilo 16. Mtu mzima wa kilo 70 angepewa baiskeli ya kilo 35, angefika wapi?

Tangu siku ile nimeshika msimamo ambao siuachi: safari ya baiskeli na watoto ni ya yule mdogo kuliko wote. Yeye ndiye anayeamua mwendo, anayeamua tusimame wapi, na akisema turudi, tunarudi. Dada yake wa miaka saba mwanzoni alilalamika, na ana haki, kwa sababu miguu yake sasa inataka kukimbia. Yeye tumempa ruhusa ya kutangulia na mama yake mpaka kwenye mti au benchi tunaloliona sote, kisha anatusubiri. Mimi hubaki nyuma ya mdogo, nimesogea kidogo upande wa maji. Upande huo siuachii mtu. Mtoto anayejifunza, macho yakienda kwa bata, usukani unafuata macho.

Na bata ni wengi. Kuna mashua, kuna mtu anavua samaki, kuna mizizi iliyochomoza ukingoni kama vidole. Zamani nilivihesabu vituo hivi kama muda unaopotea. Siku moja binti yangu aliuliza maji haya yanakwenda wapi na kwa nini hayaishi, tukakaa kwenye majani karibu nusu saa tunazungumza habari za mvua, vilima na bahari. Baiskeli zilikuwa zimelala pembeni. Kwangu hiyo ilikuwa sehemu nzuri kuliko zote za siku ile, na nisingeipata kama ningeendelea kutazama saa.

Njia ya mtoni ina jambo moja ambalo barabara nyingine za mji hazina: karibu yote ni tambarare, na upande mmoja hakuna gari linaloweza kutokea. Ndiyo maana naona ni mahali pazuri kuliko pengine popote pa kumfundishia mtoto. Kuhusu vigurudumu vya pembeni, nitasema wazi kwamba sivipendi. Baiskeli hupinda kona kwa kuinama, na vigurudumu vile vinamzuia mtoto asiiname, kwa hiyo anajifunza kitu ambacho baadaye atalazimika kukisahau. Karl von Drais, Mjerumani aliyebuni mashine iliyozaa baiskeli, alipoipanda huko Mannheim, Ujerumani, mwezi Juni 1817, haikuwa na pedali kabisa. Aliisukuma kwa kupiga hatua ardhini. Pedali za kuendesha gurudumu la mbele zilikuja kuenea miaka ya 1860. Watu walijua kwanza kukaa sawa juu ya magurudumu mawili, kukanyaga kukafuata. Kwa mdogo wetu tulifanya vivyo hivyo: tuling'oa pedali, tukashusha tandiko hadi nyayo zote mbili zikakanyaga chini vizuri, tukamwacha asukume. (Pedali ya kushoto hufunguka kinyume na ulivyozoea, yaani kwa kuizungusha kama mshale wa saa unavyokwenda. Wengi huharibu skrubu yake kwa kulazimisha.) Baada ya majuma machache alikuwa anainua miguu yote miwili na kuteleza mwenyewe, akicheka.

Jambo jingine dogo ni upepo. Kando ya mto huvuma bila kizuizi, na kwa watoto ni mzito kuliko mlima. Anzeni kwa kuukabili, ili wakati wa kurudi, miguu ikiwa imechoka, uwe mgongoni.

Lakini kuna kitu ambacho mzazi hawezi kukirekebisha kwa spana. Njia yetu inafika kwenye daraja la tatu na kukatika. Inabidi tupande juu, tuvuke barabara ya magari yanayokwenda kwa kasi, halafu tushuke tena upande wa pili. Ni mita 40 tu, lakini mita hizo ndizo zinazoamua kama familia itakwenda au itabaki nyumbani. Inaniuma kila nikiona mzazi amesimama pale na watoto wawili, anatazama kushoto na kulia, kisha anageuza.

Najua inawezekana kufanya vingine. Huko Valencia, Hispania, baada ya mafuriko ya Oktoba 1957, mto Turia ulihamishiwa kusini mwa mji. Bonde lake lililobaki kavu lilikuwa limepangiwa barabara kuu ya magari. Wakazi walikataa, wakapigania liwe bustani, na leo ni bustani ya kilomita 9 hivi inayopita katikati ya mji, magari yakipita juu ya madaraja ya zamani na watoto wakipita chini yake na baiskeli zao. Paris nayo ilikuwa imewapa magari kingo za mto Seine kwa miongo mingi, ikazirudisha kwa watu, ukingo wa kushoto mwaka 2013 na wa kulia 2016. Kwa hiyo nikiambiwa kwamba kupitisha njia chini ya daraja moja ni jambo kubwa mno, sikubali. Nimeandika barua kwa wahusika mara mbili. Nitaandika ya tatu, na safari hii nitaambatanisha mchoro wa binti yangu: daraja, mto, na baiskeli nne zinapita chini.

Jumamosi tunatoka tena. Binti anataka kufika daraja la tatu kabla jua halijawa kali. Mdogo wake ana shughuli yake: safari iliyopita alificha jiwe jeupe kwenye shimo la mti, hatua chache kutoka tunapoanzia, na anataka kuhakikisha lipo. Tutasimama hapo kwanza.