Miaka ishirini ya klorokwini

Aliyekulia Tanzania kabla ya mwaka 2001 hana haja ya kuelezwa klorokwini, dawa ya malaria ya enzi hizo. Kidonge kinasagwa kwa mgongo wa kijiko, kinakorogwa na sukari, na uchungu wake unabaki palepale. Usiku ndipo mwasho unapoanza, viganjani, kwenye nyayo, kichwani, hadi mtoto analia. Homa inashuka, anarudi kucheza, kisha siku ya kumi mwili unachemka tena. Nakumbuka mama akigombezwa kwenye dirisha la dawa kwamba hakunimalizishia dozi. Dozi ile niliimeza yote, yeye akiwa amenishika mikono.

Wakati huo jibu la kitaalamu la kwa nini homa inarudi lilikuwa limeshapatikana. Usugu wa vimelea vya malaria dhidi ya klorokwini ulianza kuonekana Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1970. Malawi iliiacha dawa hiyo mwaka 1993, Kenya ikabadili mwongozo wake mwaka 1998, sisi mwaka 2001. Huko Senegal, watafiti waliofuatilia watu wa maeneo matatu walionyesha mwaka 1998 kwamba baada ya usugu kuingia, hatari ya mtoto kufa kwa malaria iliongezeka kuanzia mara mbili hadi zaidi ya mara tano. Kila nikisoma takwimu zile nawafikiria watoto wa mtaani kwetu.

Ni rahisi kusema viongozi walilala. Mimi sisemi hivyo. Klorokwini iliuzwa kwa bei chee hadi kwenye maduka ya vijijini, na ilishusha homa hata pale iliposhindwa kuwamaliza vimelea, kwa hiyo mama na muuguzi waliiona inafanya kazi. Mbadala wa karibu ulikuwa SP, dawa nyingine ya malaria, na wengi walihofia kwamba nayo ingezidiwa nguvu upesi. Dawa ya mseto, yaani dawa mbili katika tiba moja, ilipokuja, dozi ya mtu mzima ilizidi dola 2, wakati klorokwini ilikuwa senti chache. Utafiti unaotangaza kwamba dawa imechoka, halafu usiseme tununue nini na kwa fedha zipi, unamwacha mpangaji wa bajeti mikono mitupu.

Kwa maoni yangu, kilichosaidia kutukwamua ni kubadilika kwa watu waliokusanya ushahidi. Mtandao wa EANMAT, wa Afrika Mashariki wa kufuatilia tiba ya malaria, uliozaliwa miaka ya mwisho ya 1990, uliwakalisha pamoja watafiti na wasimamizi wa mipango ya malaria wa wizara za Kenya, Uganda na Tanzania. Wagonjwa walifuatiliwa kwenye vituo maalumu kwa utaratibu mmoja. Ilipobainika kwamba klorokwini inashindwa kwa takriban nusu ya wagonjwa waliofuatiliwa hapa kwetu, wizara haikuletewa habari na wageni. Ilikuwa imehesabu yenyewe.

Hata hivyo SP, iliyochukua nafasi ya klorokwini mwaka 2001, nayo haikudumu. Januari 2004 kundi la wanasayansi liliandika kwenye jarida la Lancet likiishutumu WHO, yaani Shirika la Afya Duniani, na Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria kwa kuendelea kugharamia dawa zilizokwisha nguvu Afrika. Tanzania ilibadili mwongozo kwenda mseto mwaka 2006.

Sasa historia imebisha hodi tena. Usugu wa sehemu, yaani vimelea kuchelewa kufa, dhidi ya artemisinini, kiungo kikuu cha mseto, umethibitishwa Rwanda, Uganda na kwetu Kagera. Mseto bado unaponya, na mtu asithubutu kuacha dozi kwa kusoma haya. Lakini ufuatiliaji wa usugu huu umeegemea mno fedha za wafadhili, na mwaka 2025 tumeona misaada ya Marekani ikikatwa ghafla. Kazi hii iwe na fungu lake kwenye bajeti yetu wenyewe. Na matokeo yaandikwe kwa Kiswahili, yamfikie muuguzi wa zahanati, kwa sababu yeye ndiye wa kwanza kumwona mtoto aliyerudi.

Mama akirudi siku ya kumi akasema dozi imeisha na homa imerudi, aaminiwe. Damu ya mtoto itazamwe kwa hadubini, maana kipimo cha haraka huweza kuonyesha malaria wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Na jibu lake lisiishie kwenye daftari la zahanati, lifike Dodoma.