Umenunua betri za lithiamu, waya umeacha zilezile?

Jumapili tulikuwa kwa rafiki yangu mmoja hapa Houston, Mkenya wa Nakuru, nyama iko kwenye moto, watoto wanakimbizana, akaniita nyuma ya nyumba nikaone trela lake lilivyofanyiwa kazi. Ni trela la safari, lile la kulala familia nzima, kalinunua kwa mtu mwaka jana. Akafungua kimlango cha mbele, nikaona betri mbili za lithiamu za ampia-saa 100 kila moja, mpya kabisa, na inveta ya wati 2000, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, imefungwa ukutani vizuri. Halafu nikaona waya. Zilezile za kiwandani, nyembamba, nyeusi na nyeupe, ganda limeanza kukakamaa, zimechomekwa kwenye vitu vya zaidi ya dola elfu moja. Nikamwomba risiti. Betri zipo, inveta ipo, soketi zipo, kazi ya fundi masaa sita ipo. Waya hakuna. Hata futi moja.

Nilishindwa kuendelea kula, nasema ukweli. Maana hicho kitu kilishanikuta mimi na familia yangu, na nikiona mtu mwingine anauziwa hivyohivyo damu inanichemka.

Sisi ilikuwa Big Bend, ile hifadhi ya taifa huku Texas, mwezi wa tatu, tumepaki Rio Grande Village upande ule usio na umeme wa kuchomeka. Asubuhi baridi, mke wangu akawasha jagi la umeme la wati 1500 achemshe chai. Siku ya kwanza sawa. Siku ya pili akasema baba Neema kuna kitu kinanuka, kama plastiki. Mimi nikasema labda jirani anachoma takataka. Siku ya tatu binti yetu mdogo, anayelala kitanda cha mbele, akaamka anakohoa. Nikatoka nje na kandambili, nikafungua kimlango, nikaweka mgongo wa kiganja kwenye waya nikaurudisha hapohapo. Kwenye kichwa cha waya ganda lilikuwa limelainika limeshuka kama nta ya mshumaa, shaba inaonekana, imekuwa rangi ya zambarau. Na juu yake, sentimita chache, godoro la mtoto.

Huo mgongo wa kiganja nimefundishwa na mzee wangu. Kijijini kwetu Singida miaka ya tisini tulikuwa na tivi ya chogo, ile ya picha nyeusi na nyeupe, inakula betri ya gari, betri inapelekwa kuchajiwa mashineni kwa baiskeli. Taarifa ya habari ikianza, watu wamejaa sebuleni, mzee anapita anagusa waya moja moja, na kile kibanio cha betri, kisha anakaa. Waya ikiwa ya moto anazima, hata kama mpira uko dakika ya themanini, na watu watanung'unika mpaka wachoke. Alikuwa anasema umeme ukikosa njia unatengeneza moto. Hakusoma hayo mahali popote, alijua kwa mkono.

Sasa hesabu, na naomba mnivumilie maana ndiyo roho ya jambo lenyewe. Trela likitoka kiwandani waya ya betri mara nyingi ni namba 6 kwa vipimo vya Marekani (huku namba ikipanda waya inakuwa nyembamba), ni kama mm 13 za mraba kwa vipimo vya nyumbani. Jedwali la mafundi umeme wa hapa linaipa ampia 55 mpaka 75 kutegemea ganda lake linastahimili joto kiasi gani. Na kwa kazi iliyowekewa inatosha, taa, pampu ya maji, feni ya hita, hivyo vyote ukiwasha pamoja hufiki hata ampia 30. Kiwanda hakikukosea. Lakini jagi la wati 1500 kwenye mfumo wa volti 12, ukiweka na kile inveta inachopoteza yenyewe, linavuta ampia 135 hivi. Inveta ya 2000 ukiibana mpaka mwisho ni 180. Waya ileile! Betri za zamani za asidi zilikuwa zinachoka zenyewe kabla hujaiua waya, volti inashuka, inveta inazima, unaishia kunung'unika. Lithiamu haichoki. Betri mbili za hivyo kwa kawaida zinakupa ampia 200 mfululizo, zinasukuma tu, kwa hiyo kilichobaki dhaifu ni waya, na ndicho kinachopita chini ya kitanda.

Nilirudi nyumbani nikapima kwa mita jagi likiwa linachemka. Kwenye nguzo za betri volti 13.0. Kwenye inveta volti 11.6. Volti 1.4 zimepotelea njiani kwenye waya ya mita mbili kwenda na mbili kurudi. Zidisha kwa ampia zinazopita unapata kama wati 200 za joto tupu, ni sawa na balbu mbili za zamani za wati 100 umezifungia ndani ya kimlango cha plastiki. Nusu ilikuwa kwenye waya. Nusu nyingine ilikuwa kwenye maungio, na hapa ndipo nilipomkasirikia kweli aliyetufungia, maana alikuwa ameweka wosha ya stenlesi katikati ya kichwa cha waya na nguzo ya betri. Stenlesi inapitisha umeme vibaya kuliko shaba mara 40 hivi. Kichwa cha waya kinatakiwa kikae juu ya nguzo yenyewe, shaba kwa nguzo, ndipo wosha ije juu, kisha nati. Ni kitu cha sekunde kumi. Na fyuzi ya kulinda waya ya inveta hakuweka kabisa, alipita pembeni ya ile ya kiwandani kwa sababu ingekata kila saa. Badala ya kujiuliza kwa nini inakata, akaiondoa njiani!

Nikafumua vyote. Nikaweka waya ya 2/0, nene kuliko ile namba 6 mara tano, ya nyumbani ungeiita mm 70, na fyuzi ya Class T ya ampia 225 karibu kabisa na nguzo ya chanya. Kwenye fyuzi msibane hela, lithiamu ikipigwa shoti inatoa maelfu ya ampia na fyuzi ya bei rahisi inaweza kuungua huku umeme bado unaruka katikati yake. Nilipopima tena, upotevu kwenye waya zenyewe haukufika hata volti 0.15. Jumla waya, vichwa, fyuzi na kukodi mashine ya haidroli ya kubania nililipa kama dola 210. Betri na inveta zilikuwa zimenila 1,300. Yaani mtu anakutoza hela yote hiyo halafu anaokoa 210 juu ya kitanda cha mtoto wako.

Na waya yenyewe muwe macho. Mtandaoni kuna waya nene, nyekundu, nzuri, bei nusu, ukisoma maandishi madogo ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Inapitisha umeme kama theluthi mbili tu ya shaba ya kweli. Chukua unyuzi mmoja, ukwangue na kisu. Ukiona mweupe ndani, rudisha. Mimi nilirudisha ya kwanza.

Kuna watakaosema mbona wengi wanatumia waya za kiwandani na hawajaungua. Sawa. Kama umebadilisha betri tu, hujaweka inveta kubwa, unawasha taa na pampu kama zamani, waya ile itakubeba, siwezi kukudanganya. Na nakubali 2/0 ni ngumu kukunja, kuipitisha kwenye tundu la kiwandani ilinitoa jasho siku nzima na tundu ikabidi nilipanue. Lakini hizo ni sababu za fundi kuongeza bei na kukueleza, siyo za kukaa kimya.

Mengine nayataja tu. Kumbuka trela nyingi za huku nyeusi ndiyo chanya na nyeupe ndiyo hasi, ukizoea za gari unaweza kugeuza ukaua inveta siku ya kwanza. Betri mbili zikiwa sambamba toa chanya kwenye moja na hasi kwenye nyingine, la sivyo moja inafanya kazi kuliko mwenzake. Chaja ya zamani ya volti 13.6 haitazijaza sawasawa. Na msizichaji chini ya nyuzi sifuri za Selsiasi, wa Minnesota kwenye baridi mnanisikia.

Rafiki yangu aliniambia, kaka, hao ni mafundi, wamesomea. Sikubishana naye. Nilimwomba awashe jagi la maji dakika nne tu, kisha nikamshika mkono nikamwekea mgongo wa kiganja kwenye waya. Akaniangalia. Akaenda mwenyewe kuzima.

Jana usiku kanitumia vipimo, kavichukua kwa kamba ya viatu halafu akapima kamba kwa rula, inchi 74 chanya na inchi 80 hasi. Waya nimeshaagiza, ya shaba, Jumamosi asubuhi nipo kwake na mashine ya kubania. Mpaka hapo chai wanachemshia kwenye gesi.