Aspirini ya kila siku kwa mama zetu, inamfaa nani?

Jamani hili la wazee wetu kumeza aspirini ndogo kila asubuhi eti damu iwe nyepesi tuliongee vizuri, maana nyumba nyingi kuna mama au bibi mwenye presha ambaye kashauriwa na jirani tu, anajinunulia duka la dawa bila cheti na hakuna anayemuuliza kitu.

Wanaoitetea wana hoja yao, tusiwabeze. Mwaka 1989 yalitoka majibu ya utafiti wa madaktari 22,071 Marekani, waliokunywa aspirini siku moja wakaruka moja walipata shambulio la kwanza la moyo pungufu kwa asilimia 44 kuliko waliopewa kidonge kitupu. Namba kubwa sana hiyo. Ila wale madaktari wote walikuwa wanaume, wote kabisa, mama yangu hakuwemo wala wako, na bado ushauri ukashuka hadi kwao.

Wanawake wenyewe walikuja kupimwa, majibu yakatoka 2005, watu 39,876 wa miaka 45 kwenda juu, wakafuatiliwa kama miaka 10 hivi. Kwa ujumla shambulio la moyo halikupungua, kilichopungua ni kiharusi, asilimia 17, huku kuvuja damu tumboni kwa kiwango cha kuongezewa damu kukapanda. Sasa waliofika 65 kwenye utafiti huohuo walionekana kupata nafuu hata upande wa moyo, ndo maana watu wakasema basi hii ni dawa ya mabibi.

Mimi hapo ningekubali, kama sio utafiti wa 2018 wa Australia na Marekani. Wazee 19,114, wengi wa 70 na kuendelea, zaidi ya nusu wanawake, wakiwa hawana ugonjwa wa moyo. Aspirini kila siku haikuwapunguzia magonjwa ya moyo na mishipa kwa kiasi cha kuhesabika, ila kuvuja damu vibaya kukatoka asilimia 2.8 hadi 3.8. Mwaka 2022 jopo la wataalamu wa kinga ya magonjwa la Marekani likasema wa miaka 60 kwenda juu wasianzishiwe kwa ajili ya kujikinga tu.

Na huku kwetu mama huyohuyo magoti yanamuuma, anameza na diklofenaki juu yake! Dawa zote mbili zinachubua tumbo, akija kupata choo cheusi kama lami, ambacho ni dalili ya damu kuvuja tumboni, anadhani ni chakula.

Lakini kinachonitisha zaidi ni mtu kusikia haya halafu akamwagie pipani dawa za mzazi wake. Aliyewahi kupata shambulio la moyo, au kiharusi cha mshipa kuziba, au ana stenti (kile kibomba kidogo kinachowekwa kushikilia mshipa uliozibuliwa), kwake hesabu ni nyingine kabisa, faida inazidi hatari na kuacha ghafla kunaweza kumuua.

Mama yangu ana miaka 71, presha tu, daktari kamwambia aache aspirini aendelee na za presha. Hakupenda, akaniuliza mbona mama mdogo anakunywa kila siku na hawajamkataza. Nikamwambia mama mdogo mshipa wake ulishaziba mara moja, wako bado. Akakaa kimya, akanipa kile kikaratasi cha vidonge, vilikuwa vimebaki vinne.